Je, habari zinatosha? Somo la kulinganisha namba tusizozijua



Zamu ya mafinalisti imefika ya kuandika somo katika gazeti letu. Wengi walingojea tuandike juu ya kutengeneza sabuni. Tumechagua hesabu, na tunajua kuna watakaogeuza ukurasa sasa hivi. Mungoje kidogo. Somo hili lilianza depo ya chakula, halikuanza kwenye tablo, na lilianza kwa kosa letu sisi makapita. Kwa hiyo ni haki tulieleze sisi wenyewe.

Mambo yalikuwa hivi. Munajua kwamba mwanzoni mwa kila trimesta sisi wa internati tunaleta chakula. Wanaotoka upande wa Masisi wanaleta zaidi maharagi na viazi. Wanaotoka upande wa Walikale wanaleta zaidi mawese, mchele na unga wa muhogo. Tangu mwaka 2025, vita vilipoingia Masisi mjini mwezi wa Januari na Walikale mjini mwezi wa Machi, chakula kimekuwa kidogo kwetu sote, na kila mtu anaangalia sahani ya mwenzake. Si siri, tunaandika tu yale ambayo kila bwenini yanasemwa.

Mfuko mmoja wa maharagi ulipimwa mlangoni siku ya kuingia: makopo 30 ya Guigoz. Ukafungwa, ukawekwa depo. Juma tatu nyuma yake, kabla ya kuupeleka jikoni, tukaupima tena: makopo 25. Aliyeshika ufunguo wa depo alikuwa mdogo wetu wa darasa la nane, mtoto wa Walikale. Tukamwita mbele ya komite. Akasema, "Yaya, miye sikugusa hata punje moja." Sisi tukamjibu kwa kicheko: "Haya, 30 ukitoa 25 inabaki ngapi?" Akanyamaza. Tukamnyang'anya ufunguo, tukamwandikia kuchota maji juma zima. Jioni ile ile maneno yakaanza kutembea: watu wa upande ule ni wezi, watu wa upande huu ni wachoyo. Asubuhi tukakuta amekwisha kufunga mzigo wake, anataka kurudi kwao kwa miguu. Ile njia munaijua, na munajua namna iko siku hizi.

Mwalimu wetu wa hesabu ndiye aliyemrudisha kutoka bariera. Sisi hakutugombeza. Alituuliza tu: "Mlangoni nani alipima, depo nani alipima, na kopo lilijazwa namna gani?"

Hapo jasho likatutoka. Mlangoni alipima mama wa jikoni, naye anakata: anapitisha ubao juu ya mdomo wa kopo, maharagi yanakuwa sawasawa. Depo tulipima sisi, kama vile sokoni, kopo na kichwa chake. Kopo ni lile lile, lakini vipimo viwili.

Mwalimu akachukua chaki. Kopo la kukata akaliita a, kopo lenye kichwa akaliita b. Mlangoni yaliingia 30a. Depo yalikuwa 25b. Kusema maharagi yamepunguka ni kusema kwamba 30a inapita 25b. Sasa, sisi tulijua nini? Tulijua mambo mawili: kwamba 30 inapita 25, na (kama tungefikiri) kwamba b inapita a. Jambo la kwanza linavuta upande wa wizi. La pili linavuta upande wa mtoto. Nani ana nguvu?

Tujaribu. Tuseme a ni 10.
Kama b ni 11: mlangoni 300, depo 275. Yamepunguka.
Kama b ni 12: mlangoni 300, depo 300. Hakuna kilichotoka.
Kama b ni 13: mlangoni 300, depo 325. Maharagi yamezaa humo depo!

Habari ni zile zile mbili, na majibu ni matatu. Basi sisi makapita tulihukumu mtu kwa habari ambazo hazikutosha. Kilichokosekana kilikuwa kitu kimoja kidogo, nacho kilikuwa hapo hapo mbele yetu: kulinganisha b na a. Tukatandika mkeka, tukamimina makopo matano yenye kichwa, tukayapima upya kwa kukata. Yakatoka makopo sita. Tukarudia mara tatu, sita tena. Kama 5b ni sawa na 6a, basi 25b ni sawa na 30a. Ufunguo ulirudi kwa mwenyewe siku ile, na maji ya juma lile tuliyachota sisi.

Tangu hapo mwalimu alitutolea maswali ya namna hii kila Jumatano, na tunataka ninyi pia muyapate.

Swali la namna hii linajulikana mbali. Kuna mtihani unaoitwa GMAT, wa wale wanaotaka kuingia shule za juu za biashara za Marekani na za nchi nyingine nyingi. Humo limo mpaka leo. Wanakuuliza swali, halafu wanakupa habari mbili. Hawakuombi utafute namba. Wanakuomba useme kama habari zinatosha ili swali lijibiwe. Majibu ni matano, siku zote yale yale:

A. Habari ya 1 peke yake inatosha. Ya 2 peke yake haitoshi.
B. Habari ya 2 peke yake inatosha. Ya 1 peke yake haitoshi.
C. Hakuna inayotosha peke yake, lakini zote mbili pamoja zinatosha.
D. Kila moja peke yake inatosha.
E. Hata zote mbili pamoja hazitoshi.

Egzamani yetu ya Serikali, ambayo inafanyika nchini tangu mwaka 1967, haiulizi hivyo. Pale unachagua jibu lenyewe kati ya majibu yaliyoandikwa. Lakini anayejua kuuliza "habari zinatosha?" hapotezi dakika kumi akitafuta x ambayo haipatikani, na sisi tunaona faida hiyo kila tunapofanya mazoezi ya miaka iliyopita.

Kwanza tuondoe kosa ambalo wengi wetu tulilifanya Jumatano ya kwanza. Swali: je, x inapita y? Habari: y ni sawa na x + 5. Wengi tuliandika "haitoshi", sababu jibu lilikuwa "hapana, x haipiti y". Mwalimu akacheka. Jibu "hapana" ni jibu! Ukijua kwa hakika kwamba x haipiti, umekwisha kujibu, habari imetosha. Habari isiyotosha ni ile inayokuacha njia panda: pengine ndiyo, pengine hapana.

Basi namna ya kuonyesha kwamba habari haitoshi ni rahisi kuliko munavyofikiri. Tafuta mifano miwili inayotii habari, mmoja ukupe ndiyo, mwingine ukupe hapana. Mifano miwili, imekwisha. Lakini kuonyesha kwamba habari inatosha, mifano haisaidii, hata ukipata mia moja yote ikisema ndiyo. Pengine wa mia na moja utasema hapana. Hapo lazima sababu, yaani uonyeshe kwa nini haiwezekani kuwa kinyume. Sisi tulikuwa tunajaribu namba tatu nzuri nzuri, 2 na 5 na 10, tukaandika "inatosha". Namba nzuri nzuri ndizo zinadanganya.

Ndiyo maana kwenye jalada la kaye zetu tumeandika orodha ya namba za kujaribu: 3, 1, nusu, 0, −nusu, −3. Ukikosa kujaribu zile za chini ya zero, utaanguka. Mutazame hii: y ni sawa na mara mbili ya x. Je, y inapita x? Mtoto yeyote atasema ndiyo, mara mbili ni nyingi. Kama x ni 3, y ni 6, kweli inapita. Kama x ni −3, y ni −6, na −6 iko chini ya −3. Mwenye deni la franka elfu sita hana mali kupita mwenye deni la elfu tatu. Na kama x ni 0, ziko sawa. Habari haitoshi. Lakini kama swali lingesema x ni miaka ya mtu, au uzito wa mfuko, ingetosha, sababu hakuna mfuko wenye uzito chini ya zero. Kwa hiyo kabla ya yote soma: hizi ni namba za namna gani? Ni za kuhesabu watu? Ni za kupima? Au ni namba yoyote? Nusu ya makosa yetu ilikuwa pale.

Sasa swali ambalo tulilipenda kupita yote. Tutakwenda polepole. (Mashine yetu ya kupiga haina 2 ndogo ya juu, tunaandika x × x.)

Je, x inapita y?
Habari ya 1: x × x inapita y × y.
Habari ya 2: x + y inapita 0.

Chukua habari ya 1 peke yake. 3 na 2: 9 inapita 4, na 3 inapita 2, ndiyo. −3 na 2: 9 inapita 4 tena, lakini −3 haipiti 2, hapana. Haitoshi.

Sasa habari ya 2, na hapa ndipo watu wanateleza: sahau ya 1. Ifute kabisa kichwani, kama vile hujaisoma. Tuna tu kwamba zikijumlishwa zinapita zero. 3 na 1, ndiyo. 1 na 3, hapana. Haitoshi.

Sasa zilete pamoja. Mifano ya kwanza haifai tena: −3 na 2 jumla yake ni −1, habari ya 2 inaikataa, 1 na 3, habari ya 1 inaikataa. Tukajaribu nyingine na nyingine, zote zikasema ndiyo. Hiyo si sababu bado. Sababu ni hii. x × x kutoa y × y, ninyi wa darasa la nane mumefundishwa, ni sawa na (x − y) × (x + y). Habari ya 1 inasema tokeo hilo linapita zero. Habari ya 2 inasema (x + y) inapita zero. Namba mbili zikizidishwa zikatoa tokeo linalopita zero, na moja yake inapita zero, nyingine haina njia, lazima nayo ipite zero. Basi x − y inapita 0, yaani x inapita y. Imekwisha. Jibu ni C.

Sisi tulipoona hiyo kwenye tablo tulipiga makofi, na darasa la jirani wakafikiri mwalimu wetu anasafiri.

Kwa kupita tu: ingekuwa x × x × x inapita y × y × y, habari hiyo peke yake ingetosha, sababu kuzidisha mara tatu kunaacha alama ya namba ilivyo. Mujaribu na −3 na 2, mutaona.

Turudi sasa kwenye mambo ya nyumbani, maana mwalimu alituambia tutafute maswali yetu wenyewe. Mwenzetu mmoja alileta hili. Je, katika kilometa moja ya mraba, Masisi iko na watu wengi kupita Walikale? Habari ya 1: teritwari ya Masisi ni ndogo kuliko ya Walikale. Hii ni kweli kabisa: Walikale ni kubwa kupita teritwari zote za Kivu ya Kaskazini, karibu kilometa za mraba 23 475; Masisi ni karibu 4 734, haifiki hata robo yake. Habari ya 2, tuichukue kama tumepewa: Masisi iko na watu wengi kuliko Walikale.

Darasa likagawanyika. Wengine wakasema: haiwezekani kujibu, watu wa nchi yetu walihesabiwa mara ya mwisho wote pamoja mwaka 1984, wazazi wetu wengine walikuwa hawajazaliwa, na tangu hapo watu wamekimbia, wamerudi, wamekimbia tena, nani ana namba? Wako na haki kwamba namba hatuna. Lakini swali halikuomba namba. Habari ya 1 peke yake haitoshi: eneo dogo linaweza kuwa tupu. Habari ya 2 peke yake haitoshi: wengi wanaweza kukaa mahali pakubwa wakatawanyika. Pamoja, watu wengi zaidi wamekaa mahali padogo zaidi. Hata ungeweka namba gani, upande wa Masisi utapita. C. Hatujui watu wa Masisi ni wangapi, hatujui wa Walikale ni wangapi, na jibu tunalo kwa hakika.

Mtoto wa Walikale mmoja akajibu na swali lake, la kwao. Mifuko miwili imefungwa. Je, mfuko wa kwanza ni mzito kupita wa pili? Habari ya 1: wa kwanza ni mdogo kwa lita. Habari ya 2: wa kwanza umejaa kasiterite, wa pili umejaa maharagi. Wote tunajua kasiterite, ile wanayochimba Bisie; lita moja ya jiwe lake safi inakaribia kilo 7, na lita moja ya maharagi haifiki kilo moja. Sisi tukaruka: C! Hapana. Kama kasiterite ni lita 5 na maharagi lita 6, kasiterite inashinda mbali. Kama kasiterite ni lita 1 na maharagi ni lita 60, hata mtoto wa darasa la kwanza atabeba wa kwanza na atashindwa wa pili. Pamoja hazitoshi. E.

Tulikaa na maswali hayo mawili mpaka kengele ya usiku, maana yanafanana kama ndugu na majibu yake si sawa. Tulichokiona ni hiki. Kwa Masisi na Walikale, habari mbili zinavuta upande mmoja: watu wengi inaongeza msongamano, eneo dogo inaongeza msongamano. Zikivuta pamoja, hauhitaji kujua zinavuta kwa nguvu gani. Kwa mifuko, moja inavuta huku, moja inavuta kule. Hapo bila kujua nguvu ya kila moja huwezi kusema kamba itakwenda wapi. Na ndiyo hali ya maharagi yetu: makopo yalipunguka, lakini kopo liliongezeka. Tungeangalia tu hilo, kwamba zinavutana, tusingefungua kinywa mbele ya mdogo wetu.

Jambo moja la hatari kidogo, kwa wale wa madarasa ya juu. Ukijua a inapita b, na c inapita d, unaweza kuzijumlisha: a + c inapita b + d, hakuna shaka. Lakini usizitoe. 10 inapita 9, na 8 inapita 2. 10 − 8 ni 2, 9 − 2 ni 7, na 2 haipiti 7. Sababu ni ile ile ya kamba: ukitoa c, ile iliyokuwa inavuta upande wako umeigeuza. Hata kuzidisha pande zote mbili kwa z usiyoijua ni mtego, maana z ikiwa chini ya zero kila kitu kinapinduka.

Haya, zamu yenu. Mwandike A, B, C, D au E, na sababu. Jibu bila sababu hatulisahihishi.

Swali la 1. Bidoni 4 za mawese zilitoka kwa kikundi cha kwanza, bidoni 3 kwa kikundi cha pili. Je, kikundi cha kwanza kilileta mawese mengi kupita cha pili? Habari ya 1: bidoni zote saba ni za lita 20. Habari ya 2: bidoni zote saba zilijaa.

Swali la 2. Motari wawili walitoka Sake siku moja kwenda Masisi kwa njia moja. Je, wa kwanza alifika mbele ya wa pili? Habari ya 1: kwa wastani wa njia yote, wa kwanza alikwenda mbio kuliko wa pili. Habari ya 2: wa kwanza alitoka Sake nyuma ya wa pili.

Swali la 3. Je, x inapita y? Habari ya 1: x ikigawanywa kwa y inapita 1. Habari ya 2: y inapita 0.

Swali la 4, kwa wenye nguvu. Je, a inapita b? Habari ya 1: a − b inapita a. Habari ya 2: a + b inapita b. Hapa usianze na mifano. Angalia kwanza kila habari inasema nini hasa, ukiifupisha.

Wadogo wa darasa la saba wanaweza kufanya la 1 na la 2 tu. Walimu wanaruhusiwa kujaribu, lakini wasiwasaidie watoto wao.

Karatasi ziingizwe katika sanduku la gazeti kabla ya Ijumaa saa sita. Kopo la Guigoz, ubao wa kukatia na sahani ya maharagi viko juu ya meza ya mbele katika darasa letu kwa juma zima. Asiyeamini tano na sita aje apime mwenyewe. Akimaliza arudishe maharagi depo, na aombe ufunguo kwa mwenye ufunguo, ni yule yule.

Kapita wa wanafunzi, kwa jina la mafinalisti wote